Gari Nililomnyang'anya Mwalimu Ondieki

Tangu nitundike ovaroli yangu kwenye msumari wa gereji na kwenda zangu nyumbani, nyinyi vijana mmekuwa mkinipigia simu na swali lile lile. "Niaje mathe, kuna gari ya kitambo inauzwa huku mtaani, bei ni poa, nataka kuitengeneza polepole wikendi. Nitajuaje kama ni gari ama ni mabati?" Nimejibu mpaka sikio limepata joto. Sasa nimeamua kuandika mara moja, mpitishiane. Sitaandika nani alipandishwa cheo, kwa sababu gereji yetu pale nyuma ya Spine Road ilikuwa na vyeo viwili tu: Mzee Makokha, na sisi wengine. Nitaandika jinsi nilivyojifunza kulitazama gari la zamani, halafu nitaandika jinsi nilivyoutumia ujuzi huo kumdanganya mtu mwema. Hilo la pili hamjawahi kulisikia. Waliolijua tulikuwa wanne, na mmoja ni mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo. Mama yangu aliuza nguo kuukuu Gikomba, na kazi niliyoijua nikiwa na miaka ishirini ilikuwa kushona. Nilipofika Kayole kwa Mzee Makokha nilikuwa nimevaa sketi na viatu vya kanisani. Mzee alikuwa amefanya kazi kwenye karakana za reli kabla ya kufungua gereji yake, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia miguuni kwenda juu, kama anayetafuta mahali oili inapovujia.

"Umetumwa na nani?" akaniuliza.

"Nimejituma."

"Unajua kufanya nini?"

"Kushona."

"Viti vya gari pia hushonwa. Ingia."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kabla ya saa nne asubuhi mafundi watatu waliokuwepo walishakubaliana la kunifanyia. Mmoja akaniita kwa upole sana, akasema, "Dada, hebu nenda gereji ya jirani ukatuazimie spana ya mkono wa kushoto." Nikaenda. Gereji ya kwanza wakanielekeza ya pili. Ya pili wakanielekeza ya tatu, lakini nilipokuwa natoka nikasikia mtu amecheka akashindwa kumalizia. Hapo nikaelewa. Sikurudi. Nilikwenda kibandani, nikanywa chai na mandazi mawili, nikakaa karibu saa mbili nikisikiliza redio ya mwenye kibanda. Nilirudi nikiwa na uso wa huzuni.

"Spana ipo," nikawaambia, "lakini mwenyewe anasema ya mwisho mliivunja. Anataka mmoja wenu aende mwenyewe asaini."

Wakatazamana. Yule aliyenituma akauliza, "Asaini wapi?"

Mzee Makokha alikuwa chini ya lori. Tuliona viatu vyake vikitikisika kwa kicheko. Tangu siku hiyo hakuna aliyenituma kitu ambacho hakipo, na wiki iliyofuata nikapewa ovaroli yangu ya kwanza. Ilikuwa ya mtu mrefu mno. Nilikunja mikono mara nne na miguu mara tano, nikaonekana kama kitanda kinachotembea.

Nilishona viti kwa mwaka mzima, na kwa kuwa fundi wa viti husikia kila kinachosemwa karibu na gari, nikaanza kuelewa injini kabla sijaigusa. Mzee alipoona nimejibu swali la mteja sahihi kuliko fundi aliyeulizwa, akanihamishia kwenye spana. Lakini kazi aliyoipenda zaidi, na aliyonifundisha kwa moyo wote, ni ile ya kwenda na mteja kukagua gari analotaka kununua.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kwenda kuangalia pikapu moja huko Dandora. Broka, dalali wa magari, alitulaki kama ndugu waliopotea. Mzee hakumjibu salamu mara moja. Alikwenda akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kama mama anayempima mtoto, kisha akageuka.

"Mbona lina homa?"

Broka akasema labda ni jua.

"Jua limepiga boneti peke yake? Milango ni baridi."

Pikapu ilikuwa imewashwa alfajiri kwa kusukumwa na watu sita, ikapashwa moto ili mbele yetu iwake mara moja kama gari zuri. Kwa hiyo hilo ndilo la kwanza, vijana wangu. Mwambie muuzaji asiliguse gari mpaka ufike, halafu fika saa moja kabla ya ile mliyoahidiana. Ukikuta boneti ina moto, mshukuru, rudi nyumbani.

Mengine Mzee alinifundisha moja moja, kila gari na lake. Nenda mchana, na ikiwezekana siku moja baada ya mvua, kisha inua mazulia yote na ushike sakafu kwa mkono. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa laini. Mahali ambapo sumaku haishiki, hapo si chuma tena, hapo ni puti ya kuziba matundu na rangi na maombi. Kama spidomita inasema gari limetembea kidogo na mpira wa pedali ya klachi umeisha mpaka chuma kinang'aa, amini pedali. Linganisha namba iliyopigwa kwenye chasisi na ile iliyo kwenye logbuku, hati ya umiliki, na ulinganishe mwenyewe, usisomewe. Na kama huna budi kuchagua, chukua gari lenye bodi nzuri na injini iliyokufa, usichukue lenye injini nzuri na bodi iliyooza. Injini utaipata Gikomba au kwingineko ukiwa na subira. Bodi iliyooza utaichomelea kila mwaka mpaka uzeeke nayo.

Siku ya kwanza nilipotumwa peke yangu niliisahau sumaku kwenye begi. Lilikuwa gari dogo la buluu, linang'aa, na mteja alikuwa mhubiri mwenye haraka. Nikasema ni zuri. Mhubiri akalinunua, akaingia, akafunga mlango kwa furaha ya mtu mwenye gari, na kipande cha puti ukubwa wa sahani kikadondoka kutoka juu ya tairi kikavunjika miguuni pangu. Alinitazama. Nilitazama chini. Mzee aliniamuru nichomelee upande ule wote bila malipo, na kila nilipowasha mashine ya kuchomelea aliniuliza kama na leo sumaku iko kwenye begi.

Sikuisahau tena. Miaka ikapita, jina langu likajulikana kuanzia Kayole mpaka Komarock na zaidi. Watu walisema, "Kama Fundi Rahabu amelipitisha, nunua." Nilikuwa nikilisikia hilo na kujifanya sikusikia, ili lirudiwe.

Mwalimu Ondieki alikuja gereji wakati Mzee Makokha alikuwa amekwisha kuniachia kazi. Mzee alikuwa akija asubuhi tu, anakaa kwenye kiti alichokitoa kwenye basi fulani, anakosoa. Mwalimu alikuwa amefundisha hisabati maisha yake yote na alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Alikaa Komarock na mkewe, Mama Bosibori.

"Daktari amesema nitafute cha kufanya," akaniambia. "Mama Bosibori amesema nitafute cha kufanya nje ya nyumba. Nataka gari la zamani, Fundi. Nilitengeneze kwa mikono yangu, hata kama itachukua miaka."

Alikuwa amekwisha kuliona analolitaka. Lilikuwa stesheni wagon ya Kifaransa, ya rangi ya krimu, ile yenye safu tatu za viti na gia kwenye usukani, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba moja kule Umoja. Mjane mwenye gari alikuwa haringi hata kidogo. "Mimi nataka nafasi yangu nipande sukuma wiki," alituambia. "Atakayelitoa kwanza ni lake."

Mwalimu alisimama pembeni ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Gari kama hili ndilo lililotupeleka kanisani siku ya harusi," akasema. "Lilikuwa la kuazima. Mwenye gari alituambia tusiguse kitu."

Nikaingia chini ya gari.

Sasa sikieni vizuri. Nilikuwa nimekagua magari kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kuona chuma kama kile. Niligonga chasisi kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele mpaka nyuma, ikalia ngo, ngo, ngo, kama kengele ya shule. Sakafu kavu. Sumaku ilishika kila mahali mpaka nikawa nalazimika kuibandua. Injini ilikuwa imekwama, lakini hiyo ni kazi ya wiki mbili. Nililala pale chini nikiutazama mhimili wa ekseli ambao hakuna mtu aliyewahi kuuharibu kwa nyundo, na nikataka liwe langu. Mimi niliyetengeneza magari ya watu wote sikuwa na langu. Nilikuwa naenda kazini kwa miguu.

Nikatoka, nikajipangusa magoti, nikasema, "Chasisi imeoza, Mwalimu. Mbele na nyuma. Ukiingia shimo moja kubwa, litakatika vipande viwili, wewe uende na kimoja na Mama Bosibori aende na kingine."

Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Kisha akanishika mkono.

"Afadhali umeniambia. Mwingine angeniacha nitumbukie. Wewe ni mtu wa kweli, Fundi."

Hata sasa nikiandika maneno hayo nasikia aibu kwenye shingo. Lakini aibu ile haikunizuia. Nilimwambia na Mzee Makokha uongo ule ule, na baada ya wiki tatu nilirudi Umoja, nikamlipa mjane kile alichokuwa akitaka, nikalivuta gari mpaka gereji nikaliegesha kwenye pembe, nikalifunika kwa turubai lake lenyewe.

Kesho yake asubuhi Mzee Makokha hakukaa kwenye kiti chake. Nilimkuta chini ya stesheni wagon, magoti yake mabovu yametokeza nje, na nikasikia mpini wa bisibisi. Ngo, ngo, ngo. Alitoka polepole, akashika bampa kujiinua, akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"Rahabu," akasema, "chasisi hii imepona lini?"

"Nilikosea, Mzee. Siku ile sikuona vizuri, kulikuwa na giza kule chini."

"Mlikwenda saa sita mchana."

Mzee akarudi kwenye kiti chake, na hakunipigia kelele, ingawa ningependelea kelele. "Watu hawaji hapa kwa sababu tuna spana nzuri," akasema. "Spana zetu ni mbovu, wewe mwenyewe unajua. Wanakuja kwa sababu tukisema kimeoza, kimeoza."

Alikuwa hajamaliza kusema wakati Mwalimu Ondieki alipoingia getini, anacheka peke yake. Nilirusha turubai juu ya gari haraka kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue.

"Nimepata, Fundi! Nimepata lingine! Nimelinunua mwenyewe jana kwa broka wa Kangundo Road. Nimepitisha sumaku kama nilivyokuona ukifanya!" Akaja moja kwa moja mpaka kwenye ile pembe, akaegemea gari lililofunikwa, akaweka kiwiko juu yake kwa raha. "Na nimekuja kukushukuru. Kama si wewe, sasa hivi ningekuwa na lile jeneza la Umoja."

Mzee Makokha akakohoa. Akakohoa tena.

Ningeweza kunyamaza. Mwalimu hangejua siku hiyo. Lakini mtu akikushukuru huku ameegemea wizi wako, kuna kitu ndani kinakataa. Nikashika pembe ya turubai nikalivuta.

Mwalimu aliondoa kiwiko. Alilizunguka gari lote. Akainama, akaokota bisibisi ya Mzee, akagonga.

"Ulisema limeoza mbele na nyuma," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na katikati?"

"Katikati sikusema."

"Kwa hiyo katikati hukudanganya." Aliinuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na hapo ndipo nilipojua nimefanya nini hasa. "Nililia nilipofika nyumbani siku ile, Fundi. Mtu mzima. Mama Bosibori alidhani nimefiwa."

Nikamwambia alichukue, kwa bei ile ile niliyonunulia, leo hii, nitamvutia mpaka Komarock. Alikataa. Mkewe alikuwa amemruhusu gari moja, na la kijani alilonunua lilikuwa tayari limeziba mlango wa jikoni. Akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo."

Nikampa.

"Mwanafunzi wangu akimwibia mwenzake kitabu, simchapi," akasema. "Anakaa na aliyemwibia, anamsomea mpaka naye amalize. Utakuja kwangu kila Jumapili ukitoka kanisani. Gari langu likienda Kangundo na kurudi bila kuvutwa, nitakurudishia huu ufunguo."

Mzee Makokha akasema hiyo ni hukumu nzuri, akaomba chai.

Gari la kijani lilikuwa balaa. Sumaku ya Mwalimu ilikuwa imeshika, ndiyo, lakini aliipitisha juu tu, hakuinama. Sakafu ya nyuma ilikuwa kibao cha plaiwudi kilichopakwa rangi. Kuku alikuwa ametaga ndani ya buti na alikuwa hataki kuhama. Nilikata mabati ya pipa nikamchomelea sakafu mpya, nikashona viti upya kwa mikono yangu, nikamfundisha Mwalimu kusaga vali, kazi aliyoifanya kwa uangalifu wa mtu anayesahihisha mitihani. Jumapili moja akiwa amechoka alimsimulia Mama Bosibori ukweli wote kuhusu mimi. Mama Bosibori alinimiminia chai nusu kikombe. Ikawa hivyo kwa Jumapili nne. Ya tano akajaza, nikajua nimesamehewa kwa upande wa jikoni.

Mzee Makokha alikuja mara moja kusikiliza injini ilipowaka. Aliweka sikio juu ya boneti, akafumba macho. "Linakohoa," akasema, "lakini si kifua kikuu." Hakuishi kuliona likitoka. Tulimzika nyumbani kwao magharibi, na Mwalimu alisafiri nami siku nzima kwenda mazishi, mtu ambaye sikustahili hata kukaa naye benchi moja.

Ulipita zaidi ya mwaka mmoja kabla gari la kijani halijaenda Kangundo. Mwalimu aliendesha, Mama Bosibori mbele, mimi nyuma na kisanduku cha spana mapajani. Tulikwenda, tukala nyama, tukarudi. Radieta ilichemka mara moja tu, na Mwalimu aliamua kwamba kuchemka si kuvutwa. Tulipofika kwake akatoa ufunguo mfukoni akanipa, akasema nimepata alama sitini na tatu kwa mia. Nikamuuliza zile nyingine zimekwenda wapi. "Mbele na nyuma," akajibu.

Nikamwambia tena kama anataka tubadilishane, nipo tayari. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Alijua kila skurubu ya gari lile. Lile la krimu hakulijua tena, lilikuwa la mtu mwingine.

Tangu hapo nimetamani magari mengine, sitawadanganya. Lakini nikitamani, natoka chini ya gari, nampa mwenzangu bisibisi aingie yeye, nami naenda kusimama mbali na muuzaji na mnunuzi wote wawili. Nanyi fanyeni hivyo. Jicho linalotaka kitu halifai kukagua.

Stesheni wagon nilikuja kuitengeneza, na nimeiendesha miaka yote hii nikijidai. Mwezi uliopita nilikuwa Kangundo Road, mchana mweupe, ikapiga kwikwi mara mbili ikazimika. Nikafungua boneti. Nikatoa plagi, nikasafisha, nikarudisha. Nikafungua kabureta. Nikakagua nyaya. Watu wakaanza kukusanyika, maana fundi mwenye umri wangu aliyekwama huwa ni burudani ya bure. Ndipo likasimama nyuma yangu gari la kijani.

Mwalimu alishuka na fimbo yake. Alitazama kabureta iliyokuwa wazi, akatazama mikono yangu iliyojaa grisi, akaingiza kichwa dirishani akakisoma kile kisahani cha kupimia petroli.

"Fundi," akasema, "umeangalia mafuta?"

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kituo cha petroli kilikuwa mbele yetu, hata hatua mia tatu hazifiki, kinaonekana waziwazi. Mwalimu alikitazama. Mimi nilikitazama. Kisha akaenda kwenye buti, akatoa kamba, akaifunga kwenye bampa yangu bila haraka, fundo baada ya fundo, kama nilivyomfundisha.

Akanivuta, tukakipita kituo cha petroli, tukaenda mpaka Kayole nyumbani kwangu. Mama Bosibori alikuwa ametoa nusu ya mwili nje ya dirisha la mbele la gari la kijani, anasalimia kila mtu barabarani kwa jina, asije mmoja akakosa kuona.